Mchagua Tairi

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii imetumika miaka mingi kumkemea mtu mvivu, ambaye kila asubuhi huona ila za jembe na haoni magugu ya shamba. Mpini huu mfupi, mpini ule mzito, bamba hili butu: jua hupanda, umande hukauka, na shamba hubaki kama lilivyokuwa jana. Methali ni ya kweli kwa mtu huyo. Lakini kila methali ina mpaka wake, na mpaka wa methali hii huonekana pale ambapo chombo kibaya hakimpunguzii mtu mavuno tu, bali humwondolea uhai, au huondoa uhai wa mtu mwingine ambaye hakuulizwa neno wakati wa kuchagua. Tairi la gari ni chombo cha namna hiyo. Anayelichagua kwa uvivu hajawa dereva. Na anayelichagua kwa fahari, yeye pia bado hajawa dereva.

Kalangalala ni kata ya mjini Geita, katika nchi ya dhahabu iliyo kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria. Dhahabu ilichimbwa huko tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa siku hizi ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa makao makuu ya mkoa wake wenyewe. Mji unaokuzwa na dhahabu hukua kwa haraka na kwa vipande. Hapa pana lami, pale pana changarawe, na hatua chache mbele pana udongo mtupu wenye korongo lililochimbwa na mvua ya jana. Malori ya mawe yaendayo kwenye makarasha, pikipiki za abiria, baiskeli za wauza samaki, na watoto wa shule waliovaa sare, wote hugawana barabara moja. Gari dogo litokalo nyumbani asubuhi laweza kukanyaga dunia tatu tofauti kabla ya chai kupoa.

Wakulima wa Usukuma hawauiti kila udongo kwa jina moja. Luseni kwao ni udongo wa mchanga, mwepesi kulima; mbuga ni udongo mweusi mzito wa bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mkulima huujua udongo kwanza, kisha ndipo aseme habari ya jembe. Hekima hii ya shamba ndiyo inayokosekana mara nyingi dukani kwa muuza matairi. Mnunuzi huja akiwa amekwisha kulipenda tairi. Njia atakayopita nalo huifikiria baadaye, au haifikirii kabisa.

Yafaa kwanza kukumbuka tairi ni kitu gani. Gari zima, pamoja na injini yake, viti vyake na watu waliomo, huigusa dunia mahali panne tu, na kila mahali ni kadiri ya kiganja cha mkono. Breki hazisimamishi gari. Breki husimamisha magurudumu, na ni matairi yanayosimamisha gari. Usukani haugeuzi gari. Usukani hugeuza magurudumu, na ni matairi yanayolivuta gari lifuate. Mtu aweza kuwa na injini ya nguvu nyingi na breki za gharama kubwa, lakini yote hayo huombewa ruhusa na viganja vinne vya mpira. Vikikataa, hapana cha kufanya.

Viganja hivyo vina historia ndefu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti hupata uthabiti. Hauyeyuki kwa joto wala haukakamai kwa baridi kama ulivyo mbichi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo, alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilipata hati ya tairi ambalo nyuzi zake hupita kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake hufungwa mshipi wa chuma. Na hilo ndilo asili ya karibu matairi yote ya magari madogo ya leo. Tanganyika nayo haikuwa mgeni katika habari hii. Wakati wa Wajerumani mashamba ya mpira yalipandwa kwa wingi upande wa Tanga na Morogoro, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 na wenye mashamba wengi wakafilisika. Baada ya uhuru, kiwanda cha General Tyre kilisimamishwa Arusha, na kwa miaka mingi magari ya Tanzania yalitembelea matairi ya nyumbani, hata uzalishaji uliposimama mwaka 2009. Tangu hapo mnunuzi amezidi kutegemea meli, na meli huleta chema na kibaya katika kontena moja.

Katika historia hiyo yote lipo jambo moja ambalo halijabadilika. Mpira laini hushika njia, lakini huisha upesi. Mpira mgumu hudumu, lakini huteleza. Wataalamu wamejaribu kuusogeza mpaka huo. Katika miaka ya 1990 walianza kutia katika mpira unga wa silika, ambao asili yake ni moja na ya mchanga, na matairi yakapata kushika vizuri zaidi katika maji bila kuongeza uzito wa kuvuta. Hata hivyo mpaka umesogezwa tu, haukufutwa. Kila tairi ni mapatano baina ya kushika na kudumu, na kila mnunuzi, ajue asijue, hutia sahihi mapatano hayo kwa fedha yake.

Matairi yanayoitwa ya mbio ni yale ambayo, katika mapatano hayo, yameelemea sana upande wa kushika. Si matairi ya uwanja wa mashindano, kwani hayo hayaruhusiwi barabarani katika nchi nyingi. Bali ni ndugu zake walioelimishwa wakae mjini. Mpira wake ni laini, uso wake ni mpana, kashata zake ni kubwa na zimesimama imara, na ukuta wake wa pembeni ni mfupi ili gari lisiyumbe katika kona. Sura yake pia hupendeza. Tairi jembamba hukaa chini ya gari kama kiatu cha shambani. Tairi pana lililojaa rimu kubwa inayong'aa humfanya hata mpita njia ageuze shingo.

Hapo ndipo mtihani ulipo kwa mji wa dhahabu. Fedha ya machimboni haiji kama mshahara wa mwisho wa mwezi. Huja siku isiyojulikana, baada ya miezi ya njaa, na huja na hamu ya kuonekana. Mtu aliyekaa shimoni muda mrefu bila kuonwa na yeyote hawezi kulaumiwa kwa kutaka aonwe. Lakini methali nyingine, ambayo watu wa Geita wana haki ya kuielewa kuliko watu wengine, husema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Na mchimbaji mwenyewe, ambaye hakubali jiwe lolote kabla ya kulisaga na kuliosha, aweza kununua tairi kwa kulitazama mara moja.

Na afikiriwe kijana mmoja wa Kalangalala mwenye gari dogo la Kijapani, ambaye amepata fedha kidogo na amekwenda kwa fundi wa matairi, mzee aliyeziba pancha tangu siku za tyubu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nataka matairi mapana, yale ya mbio, na rimu zake kubwa."

"Ni mazuri hayo. Lakini niambie kwanza, gari lako hulala wapi?"

Kijana acheka. "Hulala nyumbani, mzee."

"Na njia ya kufika nyumbani ni lami?"

"Lami huishia shuleni. Baada ya hapo ni changarawe, kisha lipo korongo moja."

"Nani hupanda?"

"Mama, nikimpeleka kliniki. Wadogo zangu wawili asubuhi. Na Jumamosi naenda Mwanza kuchukua bidhaa za duka."

"Na hizo mbio?"

Kijana anyamaza kidogo. "Mara moja moja, nikirudi usiku, barabara ikiwa tupu."

"Basi wataka kununua tairi la nusu saa ya usiku wa Jumamosi, ulitembelee wiki nzima."

"Lakini mzee, nasikia hayo ya mbio hushika zaidi kwenye mvua. Na mama si ndiye atakayekuwa ndani?"

"Hilo," asema fundi, "ndilo neno la maana kuliko yote uliyosema tangu ufike."

Neno la kijana huyo lastahili kupewa haki yake, kwa maana wako watu wazima wengi ambao hulidharau tairi la mbio kwa kuwa ni la vijana, kisha wakaendesha matairi vipara. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kwa kila sekunde. Ikiwa tairi lina mshiko wa sehemu saba katika kumi, gari hilo, tangu breki ziumane, husimama baada ya mita 36 hivi. Ikiwa mshiko umepungua hadi sehemu tano katika kumi, kama itokeavyo tairi lililochakaa likutanapo na maji, gari huhitaji mita 50. Tofauti ni mita 14, nayo yaonekana ndogo katika karatasi. Lakini iangaliwe kwa namna nyingine: mahali pale ambapo gari la kwanza limesimama kimya, gari la pili lingali likienda zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Mtoto aliyesimama mita 40 mbele, katika hali ya kwanza, amepata hofu. Katika hali ya pili amegongwa. Kwa hiyo mshiko si anasa ya mtu mwenye haraka. Ni akiba ya mtu mwenye hadhari, ambayo huwekwa kwa siku zote na kutolewa kwa sekunde moja.

Na mvua ya kwanza ya vuli ina hatari yake katika mji wa vumbi. Miezi ya kiangazi hulaza juu ya lami vumbi jekundu, mafuta ya malori na unga wa mpira. Matone ya kwanza huvichanganya hivyo vyote kuwa utelezi, kabla mvua haijawa kubwa ya kutosha kuviosha. Dereva huona barabara imelowa kidogo tu, akadhani hatari ni kidogo tu. Kumbe dakika hizo za mwanzo zaweza kuwa mbaya kuliko gharika ya baadaye. Hapa mpira laini wenye mifereji mirefu ni rafiki wa kweli, na asemaye kwamba matairi mazuri ni ya watu wa mbio tu hakupata kufunga breki mwezi wa Oktoba.

Basi kijana ana haki. Walakini haki hiyo ina masharti, na masharti yako katika udongo.

Sharti la kwanza ni ukuta wa tairi. Tairi lililoandikwa 195/65R15 lina upana wa milimita 195, na ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Tairi lililoandikwa 225/45R17 lina ukuta wa asilimia 45 ya milimita 225, yaani karibu milimita 101. Sentimita mbili na nusu zimeondolewa katika mto wa hewa uliopo baina ya jiwe na rimu. Katika barabara laini upungufu huo ni faida, kwa maana gari hutii usukani upesi. Katika korongo la nyuma ya shule upungufu huo ni nyundo. Jiwe hubana ukuta hata ugongane na rimu, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache huota uvimbe kama jipu pembeni mwa tairi. Jipu hilo halitumbuki siku ya changarawe. Husubiri siku ya lami na mwendo, na hutumbuka hapo.

Sharti la pili ni changarawe yenyewe. Mpira laini unaoshika lami kwa kuingia katika vitundu vyake hauna cha kuingia katika kokoto zinazoviringika. Hapo upana humfanya dereva aelee badala ya kukanyaga, na ncha za mawe hung'oa vipande vya kashata. Afrika ya Mashariki ina ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mbio za magari za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 kwa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na tope. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari hiyo, na 7 tu yakaimaliza. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, kisha mwaka 1974 na mwaka 1976, alijulikana kwa uwezo wa kulifikisha gari mwisho wa njia. Hao walikuwa watu wa mbio hasa, wenye kulipwa sifa kwa mwendo. Na hata wao hawakuuliza ni tairi gani lenye mwendo kuliko yote, bali ni tairi gani litakalofika. Ikiwa bingwa wa mbio huchagua hivyo, sembuse mtu anayempeleka mama yake kliniki?

Sharti la tatu ni gharama, si ile ya siku ya kununua, bali ile ya kila kilomita. Hesabu ya mfano yatosha. Tairi la kawaida likinunuliwa kwa shilingi 200,000 na kudumu kilomita 50,000, kila kilomita imegharimu shilingi 4. Tairi laini likinunuliwa kwa shilingi 300,000 na kudumu kilomita 20,000, kila kilomita imegharimu shilingi 15. Bei dukani imezidi kwa nusu tu, lakini bei njiani imekaribia kuwa mara nne. Mtu mwenye fedha ya kudumu aweza kulipa hivyo bila majuto. Mtu mwenye fedha ya msimu hulipa mara ya kwanza kwa furaha. Mara ya pili dhahabu haijaonekana, naye huendelea na matairi yale yale mpaka yawe vipara. Hapo ndipo fahari inapogeuka kuwa msiba, kwa maana tairi pana likiwa kipara huelea juu ya maji mapema kuliko tairi jembamba. Vijana wa mjini huita fedha mshiko. Wangefanya vema kukumbuka kwamba mshiko wa mfukoni ukiisha, na ule wa barabarani haukawii.

Yako maandishi ambayo msomaji wa vitabu angeona haya kuyapuuza, ingawa aghalabu huyapuuza, kwa kuwa yameandikwa juu ya mpira mweusi. Tairi ni ukurasa. Baada ya kipimo cha upana na ukuta huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 91 humaanisha kwamba tairi hilo laweza kubeba kilo 615. Herufi T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270, na Y ni 300. Sheria ya Tanzania huruhusu kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na malori makubwa nje ya makazi. Basi anayelipia herufi Y mjini Geita ananunua kilomita nyingi kwa saa ambazo hana mahali pa kuziweka. Pana pia namba ya kuchakaa, ambayo ni desturi ya Marekani: 200 ni dalili ya mpira laini, 500 ni dalili ya mpira wa kudumu, na kando yake herufi AA, A, B au C hueleza jinsi tairi linavyoshika katika maji. Kwa gari la kila siku herufi hii ya maji ina thamani kubwa kuliko herufi ya mwendo, na mnunuzi mwenye hekima huianza kuisoma hiyo.

Mwisho wa ukurasa huo zimo tarakimu nne ambazo muuzaji asiye mwaminifu hupenda zielekezwe ukutani. Tarakimu 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Mafuta yake hukauka, nao hupata nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Tairi lililotumika ng'ambo na kuletwa kuuzwa tena laweza kuwa na kashata nzuri na jina kubwa, kumbe umri wake umepita miaka kumi. Anayelinunua kwa sababu ya jina lake amefanya kama mtu aliyemwajiri mkimbiaji hodari bila kuuliza alikimbia mwaka gani.

Ushauri mwingi unaosomwa juu ya matairi umeandikwa kwa ajili ya nchi za theluji. Huko watu hubishana juu ya tairi la kiangazi na tairi la baridi, kwa kuwa mpira wa kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Geita haina siku hiyo. Mabishano hayo yakiondolewa, shauri la Kalangalala huwa jepesi zaidi, wala si gumu zaidi: tairi la kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari kwenye fremu ya mlango wa dereva; ukuta usio mfupi; herufi ya maji iliyo njema; mpira wa wastani, usio laini kama wa mbio wala mgumu kama wa lori; umri mdogo; na yote manne ya namna moja. Mtu akiwa na uwezo wa kununua mawili tu, mapya hufungwa nyuma, ijapokuwa macho hupenda kuyaona mbele, kwa maana gari linaloteleza nyuma katika maji huzunguka kabla dereva hajajua la kufanya.

Na hata tairi lililochaguliwa kwa hekima hiyo yote laweza kuharibiwa na kitu kisichonunuliwa kwa bei kubwa, nacho ni upepo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huzaa joto, na joto hutenganisha tabaka za mpira na chuma. Jambo hili limepata uzito mpya katika njia ya Geita na Mwanza. Kwa miaka mingi magari ya njia hiyo yalifika Busisi yakasubiri kivuko. Watu wakanunua samaki, wakanung'unika kwa kuchelewa, na matairi yakapoa. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, baina ya Kigongo na Busisi, na ziwa likawa barabara. Ni neema kubwa, hasa kwa mgonjwa aliyekuwa akisubiri kivuko usiku. Lakini kila neema huondoa kizuizi, na vizuizi vingine vilikuwa vikilinda bila kujulikana. Sasa gari laweza kutoka Geita hadi Mwanza bila kupumzika. Pumziko lililokuwa likitolewa na maji halina budi kutolewa na dereva mwenyewe: apime upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, atazame kuta zake, na aangalie vijiti vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji. Kashata ikilingana na vijiti hivyo zimebaki milimita 1.6 tu, na tairi hilo limemaliza kazi yake, hata kama fedha ya jipya haijapatikana.

Pana neno moja lililobaki, nalo ndilo linalotenga tairi na vitu vingine anunuavyo mtu kwa fedha yake. Mtu akinunua saa mbovu, huchelewa yeye. Akinunua kiatu kibovu, huumia mguu wake. Tairi ni mali ya mmoja, lakini mshiko wake ni wa wote. Mwanafunzi avukaye barabara Kalangalala hamjui mwenye gari, hajui matairi yake ni ya mwaka gani, wala hakuwako dukani ulipofanywa uchaguzi. Hata hivyo uchaguzi ule ulimhusu yeye kuliko ulivyomhusu mnunuzi, maana mnunuzi ana chuma pande zote, na mwanafunzi ana sare na madaftari. Katika jambo hili mwenye fahari na mwenye uvivu ni ndugu. Mmoja amenunua tairi ili atazamwe, mwingine hakununua ili asitumie. Na wote wawili wametoa uamuzi kwa niaba ya mtu ambaye hawakumfikiria.

Mchagua jembe si mkulima, ikiwa huchagua ili asilime. Lakini anayeuliza udongo ulivyo, mvua inyeshapo huwaje, na nani atakula mavuno, huyo amekwisha kuanza kulima kabla hajashika mpini. Ndivyo ilivyo kwa mchagua tairi. Akitoka dukani na tairi lisilomgeuzia mtu shingo, lenye mpira mwema, umri mdogo na upepo kamili, hapana atakayemsifu njiani. Sifa yake ni mambo ambayo hayakutokea: mita 14 ambazo hakuzihitaji, na mtoto aliyefika ng'ambo ya barabara akaendelea na safari yake ya shule bila kujua kwamba alikuwa na mfadhili.